Mbona hakuna anayeogopa?

Mwanangu,

Marahaba. Picha uliyonitumia kutoka kwenye jumba la sanaa la Sydney, ya ule mchoro wa majambazi waliosimamisha gari la farasi la abiria, nimeipata, na swali lako nimelisoma mara mbili nikisubiri chai ichemke: "Mama, hawa wanaporwa kwa bunduki, mbona hakuna anayeogopa? Mchoraji katudanganya?" Nilitaka kukujibu kwa sauti kwenye simu, nikaona maneno yatanizidi.

Hajadanganya, baba. Ila kamsikiliza mtu mmoja tu.

Huyo mchoraji, Tom Roberts, ni Mwingereza aliyefika Australia mwaka 1869 akiwa na miaka 13. Mchoro wenyewe, "Bailed Up", aliuanza 1895 karibu na Inverell, kule kwa wafugaji kaskazini mwa New South Wales. Alijijengea jukwaa juu ya mti ili aione barabara kwa juu. Ndiyo maana ukiitazama unajiona kama umekaa kwenye tawi, na kilima kimejaa turubai karibu lote, anga imebaki utepe mwembamba. Gari la farasi alilichora mjini, na majambazi na abiria ni wenyeji na vibarua wa malisho waliokubali kumsimamia.

Dereva ndiye wa kumtazama. Ni Bob Bates, waliyemwita Bob Mkimya, aliyekuwa akiendesha magari ya abiria njia zile na aliyewahi kusimamishwa na jambazi aliyeitwa Captain Thunderbolt kama miaka thelathini kabla. Roberts alimsikiliza akisimulia, kisha akamchora yeye mwenyewe.

Thunderbolt jina lake la kweli ni Frederick Ward, mfungwa wa kesi za farasi wa wizi. Mwaka 1863 alitoroka gereza la Cockatoo, kile kisiwa unachokipita ukipanda feri ya kwenda Parramatta. Akaishi porini akipora magari ya barua na mabaa mpaka polisi walipompiga risasi karibu na Uralla, Mei 1870. Watu wakamsifia kwamba ni jambazi mwenye adabu. Hata "bail up", amri waliyompigia dereva asimame, ni neno la zizini: kumbana ng'ombe shingo kwenye mbao akamuliwe. Ng'ombe akishabanwa vile hapigi kelele. Anasimama tu.

Sasa nikwambie la kwetu, maana hujawahi kunisikia nikilisimulia lote.

Ilikuwa 2001, una miezi mitano. Basi letu lilikuta magogo barabarani katika mapori ya Biharamulo, mchana kweupe. Siku hiyo hatukuwa na askari wa kutusindikiza. Dereva akazima injini, akasema taratibu, "Jamani, mikono juu ya viti." Hakuna aliyepiga yowe. Nakumbuka chuma cha injini kikipoa, tik, tik, tik. Wawili wakapanda, mmoja ana bunduki, mwingine kashika mfuko wa salfeti. Mbele yangu alikaa bibi mmoja mzee. Yule wa mfuko alipomfikia akasema, "Shikamoo bibi." Bibi wa watu akajibu, "Marahaba mwanangu," ndipo akafungua pindo la kanga akamtolea hela zake. Adabu hiyo hata mimi nimeiona, na hela ilikwenda.

Za kwangu zilikuwa kwenye nepi yako. Wewe ulikuwa unanyonya, hujui hili wala lile. Mtu angekuwa juu ya mti akituchora, angechora basi limeegeshwa na watu wanapumzika.

Hofu ilikuja baadaye. Tulipofika stendi nilishuka ngazi, magoti yakakataa, nikakaa chini palepale kwenye vumbi. Maziwa yakakatika siku tatu. Ulilia mpaka sauti ikakauka, na jirani ndiye aliyekuwa anakukorogea uji mwepesi wa ulezi usiku. Hayo nani angeyachora?

Yule dereva nilikutana naye miaka mingi baadaye kwenye harusi. Aliisimulia siku ile kwa madaha, anavyozima injini, anavyowaongelesha wale vijana, watu wanacheka. Hakusema uongo hata mmoja. Ila basi la simulizi lake halikuwa na abiria. Nilipoiona picha yako nikamkumbuka, nikasema, huyu ndiye Bob.

Jambo jingine umelipita bila kuuliza. Pori lile limetulia mno. Mahali panapoitwa Myall Creek, si mbali na Inverell, tarehe 10 Juni 1838, wachunga mifugo walioandamana na farasi na mapanga waliwaua Wirrayaraay, wenyeji wa asili wa pale, wasiopungua 28, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Saba walinyongwa mwaka uleule, jambo ambalo halikuwa la kawaida hata kidogo. Roberts alipanda juu ya mti wake miaka 57 baadaye, akachora nyasi za dhahabu na miti iliyonyooka, na kati ya wote aliowaweka pale simwoni hata mmoja wa wenye ardhi. Mary Ann Bugg, mke wa Thunderbolt, ambaye mama yake alikuwa mwenyeji wa asili wa Australia, aliishi na mumewe porini miaka ile ya kukimbizana. Kwenye mchoro hayumo.

Picha yenyewe naipenda, usinielewe vibaya. Ile joto nimeihisi mpaka shingoni. Na nimempenda mchoraji aliposhindwa kuachana nayo, akairudia 1927 akiwa mzee wa miaka sabini na kitu. Akafa 1931, na jumba hilo likainunua miaka miwili baadaye.

Ukienda tena, nipigie picha ya madirisha ya gari tu, kwa karibu. Hii uliyonitumia nikiivuta inakuwa ukungu, na nataka kuona kama kuna aliyepakata mtoto.

Mama yako