Maswali na Majibu: Chombo Huru cha Habari Tukiamini kwa Kipimo Gani?

Barua za safari hii zinagusa jambo moja. Wasomaji waliovipa kisogo vyombo vikuu vya habari, au wanaokaribia kufanya hivyo, wanataka kujua waelekee wapi na wajihadhari na nini. Nimezijibu kwa mfuatano, nikirefusha pale penye mengi ya kusema.

Swali: Kila chombo siku hizi kinajiita huru. Nitakitambuaje kilicho huru kweli?

Jibu: Anza kwa kuuliza kiko huru kutoka kwa nani, maana hakuna chombo kisicho na anayekilisha. Kipo kinachoishi kwa matangazo, kipo cha ruzuku za wakfu, kipo cha mfuko wa tajiri mmoja na kipo cha ada za wasomaji, na kila mkondo una mahali pake panapobana. Hata wasomaji wanaolipa hubana, kwa sababu chombo kinachowategemea huingiwa na kishawishi cha kutowaudhi, jambo ambalo wenye vyombo vya aina hiyo hawapendi sana kulizungumzia. Kwa hiyo usihangaike kutafuta chombo kisicho na mfadhili. Tafuta kile kinachomtaja mfadhili wake hadharani na kueleza kwa maandishi ni mambo gani mfadhili huyo hana mamlaka ya kuyaagiza.

ProPublica ya Marekani ilianzishwa mwaka 2007 kwa fedha za familia moja ya matajiri, lakini ni shirika lisilolenga faida linalotangaza wafadhili wake na hesabu zake, na mwaka 2010 likawa chombo cha kwanza cha mtandaoni kupata tuzo ya Pulitzer kwa habari za uchunguzi. Mediapart ya Ufaransa, iliyoanza mwaka 2008, ilikataa matangazo na kuwategemea waliojiandikisha. Desemba 2012 iliandika kwamba waziri wa bajeti wa nchi hiyo, Jérôme Cahuzac, ambaye kazi yake ilikuwa pamoja na kuwaandama wakwepa kodi, alikuwa na akaunti ya siri huko Uswisi. Waziri alikana hadi mbele ya Bunge, na kwa miezi kadhaa wapo wanahabari wengine walioitilia shaka habari hiyo kuliko walivyomtilia shaka yeye. Machi 2013 alijiuzulu, na mwezi uliofuata akakiri.

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 2020 iliibuka tovuti iliyoitwa Peace Data, ikijinadi kuwa chombo huru cha habari za dunia. Iliajiri waandishi halisi wa kujitegemea, ikawalipa, na makala zao nyingi hazikuwa na uongo wowote. Wahariri wake, hata hivyo, hawakuwapo duniani: picha zao zilitengenezwa na kompyuta, na Facebook ilipoifichua Septemba mwaka huo ilisema waliokuwa nyuma yake wana uhusiano na kiwanda cha propaganda cha Urusi. Miaka minne baadaye waendesha mashtaka wa Marekani waliwashtaki wafanyakazi wawili wa RT, shirika la utangazaji la serikali ya Urusi, kwa madai ya kupitisha kisiri karibu dola milioni 10 kwenye kampuni ya Tennessee iliyokuwa ikiwalipa wachambuzi mashuhuri wa mtandaoni, na kwa mujibu wa hati ya mashtaka wachambuzi wenyewe walidanganywa kuhusu fedha hizo zilikotoka. Mtangazaji anaweza basi kuamini kwa moyo wake wote kwamba yuko huru, na bado asijue anayemlipa.

Swali: Ninamfuata mchambuzi mmoja mwenye chaneli yake. Hana ofisi wala mhariri, lakini ninamwamini kuliko magazeti. Ninakosea?

Jibu: Si lazima. Mtu mmoja anaweza kulishinda gazeti zima, ila inategemea anafanya kazi gani akiwa peke yake. Mwandishi wa habari wa Marekani I. F. Stone alianza kuchapisha jarida lake dogo la kila wiki mjini Washington mwaka 1953, akaliendesha hadi 1971 bila kuwa na watu wa kumnong'oneza siri serikalini. Alichokuwa nacho ni uvumilivu wa kusoma nyaraka za serikali ambazo wenzake waliziona zinachosha. Septemba 1957 Marekani ililipua bomu la nyuklia chini ya ardhi huko Nevada, na miezi michache baadaye Tume ya Nishati ya Atomiki ikadai kwamba mtikisiko wake haukunaswa mbali zaidi ya maili 200. Dai hilo lilikuwa na uzito wa kisiasa: ikiwa milipuko ya chini ya ardhi haionekani, mkataba wa kuipiga marufuku hauwezi kusimamiwa. Stone alikumbuka kuona taarifa fupi gazetini za vituo vya mbali vilivyonasa mtikisiko huo. Akaenda kwa wataalamu wa serikali hiyohiyo wanaopima matetemeko, akapewa orodha ya vituo, kikiwemo kimoja kilichokuwa umbali wa zaidi ya maili 2,000. Tume ikalazimika kusahihisha taarifa yake.

Muulize mchambuzi wako swali hili: huonyesha hati, au huonyesha uso wake tu? Eliot Higgins, aliyeanzisha kundi la uchunguzi wa mtandaoni la Bellingcat mwaka 2014, hakuwa amesomea uandishi wa habari. Ndege ya abiria MH17 ilipotunguliwa juu ya mashariki mwa Ukraine Julai mwaka huo na kuua watu 298, kundi lake lilifuatilia gari lililobeba mtambo wa makombora kwa kutumia picha na video ambazo wananchi walikuwa wamezitupia mtandaoni, likalinganisha majengo, nguzo na vivuli vilivyoonekana humo na picha za setilaiti, kisha likaziweka picha zote wazi ili mwenye mashaka arudie kazi hiyo mwenyewe. Mchambuzi wa namna hiyo hahitaji sana imani yako. Yule anayezungumza saa mbili mfululizo kwa sauti ya mtu anayejua, asitaje hati hata moja, anaihitaji yote.

Jambo moja bado linanitia wasiwasi kuhusu wanaofanya kazi peke yao, hata walio waangalifu. Hakuna mtu wa kuwaambia "hapa umetia chumvi" kabla habari haijatoka.

Swali: Nikikutana na tovuti nisiyoijua, nitaikaguaje bila kupoteza siku nzima?

Jibu: Toka humo. Ushauri huu unashangaza wengi, kwa sababu tumezoea kudhani kwamba ili kuijua tovuti inabidi kuisoma kwa makini mwanzo hadi mwisho. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Sam Wineburg na Sarah McGrew, waliwapa wahakiki wa habari, maprofesa wa historia na wanafunzi wa chuo hicho tovuti za mashirika mawili ya madaktari wa watoto wa Marekani yenye majina yanayokaribiana. Moja ni la mwaka 1930 lenye makumi ya maelfu ya wanachama. Jingine lilijitenga mwaka 2002 kwa sababu za kimsimamo na lina wanachama wachache mno. Wanafunzi walibaki ndani ya kurasa, wakipima mpangilio, nembo na orodha za marejeo, na wengi wao wakaliona lile dogo kuwa ndilo la kuaminika zaidi. Hata baadhi ya maprofesa waliyumba. Wahakiki walifungua kurasa nyingine papo hapo, wakatafuta watu wengine wanasema nini kuhusu mashirika hayo, na ndani ya muda mfupi walikuwa wamemaliza.

Fanya hivyo. Liandike jina la chombo kwenye mtambo wa kutafutia habari, uondoe matokeo yanayotoka kwenye tovuti yake yenyewe, kisha uangalie kinachobaki. Tafuta majina ya waandishi uone kama wamewahi kuandika popote pengine. Fungua hifadhi ya Wayback Machine, iliyowekwa wazi kwa umma mwaka 2001, uone anwani hiyo ilikuwa na nini zamani, kwa kuwa si ajabu kukuta "gazeti lenye historia ndefu" ambalo mwaka juzi lilikuwa duka la viatu. Isome pia anwani yenyewe herufi kwa herufi. Mwaka 2022 kulifichuliwa operesheni ya Kirusi iliyopewa jina la Doppelganger, ambayo ilinakili sura ya magazeti kama Der Spiegel na The Guardian kwa ustadi mkubwa. Rangi, nembo na hata viungo vya pembeni vilikuwa vilevile, na tofauti ilikuwa mkiani mwa anwani.

Swali: Chombo huru nilichokiheshimu kilichapisha habari ya uongo kikaja kuifuta. Nikiache?

Jibu: Inategemea kiliifutaje. Oktoba 2022 The Wire ya India, chombo kilichojijengea sifa tangu mwaka 2015, kilichapisha mfululizo wa habari zikidai kwamba kiongozi mmoja wa chama tawala alipewa na Meta, kampuni inayomiliki Facebook na Instagram, uwezo wa kuondosha machapisho ya watu. Meta ikakana. Wahariri mwanzoni walikaza shingo, wakatoa ushahidi zaidi, na ushahidi huo wataalamu wa kompyuta wakauchambua hadharani hadi ukasambaratika. Hatimaye waliziondoa habari zote, wakawaomba radhi wasomaji na kueleza kwamba nyaraka hazikuhakikiwa ipasavyo kabla ya kuchapishwa. Ilikuwa aibu kubwa, na kule kukaza shingo mimi nakuhesabu kuwa kosa baya kuliko lile la kwanza.

Hata hivyo ninamhofia zaidi mwenye kuifuta habari kimyakimya usiku, asubuhi akaendelea kana kwamba haikuwahi kuwapo. Chombo kinachofaa kina mahali pa masahihisho, na masahihisho hayo yanataja kilichokuwa kimeandikwa, kilichobadilishwa na tarehe. Ukikuta chombo chenye miaka mitano kisicho na sahihisho hata moja, usifurahi.

Swali: Je, nilipie habari?

Jibu: Ukiweza, ndiyo, kwa chombo kimoja au viwili ambavyo umevisoma kwa muda. Kama huwezi, usione haya: vingi kati ya vyombo vya uchunguzi visivyolenga faida havifungi habari zao kwa ada.

Swali: Nimeamua kutosoma tena vyombo vikuu. Kuna hasara?

Jibu: Ipo, na ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Ripota anayekaa mahakamani au bungeni siku nzima hugharimu fedha, na vyombo vidogo vingi haviwezi kumlipa. Ukifuatilia viungo ndani ya makala ya chombo huru, mara nyingi utaishia kwenye taarifa ya shirika kubwa kama Reuters, AFP au Associated Press. Hakuna ubaya katika hilo, lakini mtu anayedhani ameyahama mashirika hayo kumbe anayasoma kwa mkono wa pili, baada ya kuongezwa maoni, hajapiga hatua yoyote.

Ni kweli kwamba vyombo vikuu vimekosea pakubwa. Mei 2004 wahariri wa The New York Times walikiri kwa maandishi kwamba baadhi ya habari zao za kabla ya vita vya Iraki, zilizohusu silaha za maangamizi, hazikuchunguzwa kwa ukali uliostahili. Lakini angalia nani waliotilia shaka madai hayo mapema: ni waandishi wa ofisi ya Washington ya Knight Ridder, kampuni kubwa ya magazeti, waliowasikiliza maofisa wa ngazi za kati badala ya mawaziri. Hata Nyaraka za Panama za mwaka 2016, mafaili milioni 11.5 kuhusu fedha zilizofichwa ng'ambo, zilivujishwa kwa gazeti kubwa la Ujerumani, Süddeutsche Zeitung, nalo likazishirikisha kwa muungano wa waandishi wa uchunguzi, ICIJ, ambao ni shirika lisilolenga faida. Wadogo na wakubwa walizichambua pamoja. Mimi ninashauri uvisome vyombo vikuu kwa ajili ya matukio, na vilivyo huru kwa ajili ya yale yaliyoachwa, huku ukikumbuka kwamba chombo kinachoaminika katika ufisadi wa fedha kinaweza kuwa dhaifu kabisa katika afya au vita.

Swali: Mitandao ya kijamii inaniletea habari za upande wangu tu. Nifanyeje?

Jibu: Usisubiri kuletewa. Jiandikishe kupokea majarida ya barua pepe ya vyombo ulivyovichagua, au tumia programu ya kusomea milisho ya RSS, yaani orodha za habari mpya ambazo tovuti zenyewe huzitoa, teknolojia ya tangu mwaka 1999 ambayo wengi wameisahau ingawa tovuti nyingi bado zinaitoa. Humo habari hupangwa kwa saa ya kuchapishwa, wala hakuna mtambo unaokukisia utapenda nini. Weka humo angalau chombo kimoja chenye msimamo usiokubaliana nao lakini kinachoonyesha ushahidi wake. Kitakukera, nawe usikiondoe kwa sababu hiyo pekee.

Swali: Mjomba wangu hutuma kwenye kundi la familia habari zenye kichwa "Vyombo vikuu haviwezi kukuambia haya". Nikimpinga nitaonekana sina adabu. Nikinyamaza, wadogo zangu wanaamini.

Jibu: Usimsahihishe mbele ya watu, kwa sababu hapo mjadala utageuka kuwa wa heshima na habari itasahaulika. Mwandikie faragha: "Shikamoo mjomba, ile habari ya jana nimeipenda, nataka kuisoma yote. Imetoka gazeti gani, na nani kaiandika?" Akikuletea kiungo, kisome kweli, maana huenda yuko sahihi. Akikosa, huna haja ya kuongeza neno, na wadogo zako waulize swali hilohilo pembeni, kabla hawajaisambaza kwa wenzao.