Gari Limegongwa: Udai Bima au Umpelekee Fundi?

Hapa Malindi wengi wetu huamua jambo hili kwa hasira. Gari likikwaruzwa tu, mmoja atasema, "Nimelipa bima miaka yote, safari hii lazima wanilipe." Mwingine atasema kampuni za bima ni wezi, heri amwite fundi wake. Wote wawili hawajafungua mkataba. Mimi nimewahi kutoa mfukoni na nimewahi kudai, na kwangu huu ni uamuzi wa kalamu na karatasi, ila pale ambapo kuna mtu mwingine aliyeumia kwenye ajali. Hapo kalamu huwekwa kando na simu hupigwa.

Nazungumzia bima kubwa, ile inayolipia hata gari lako mwenyewe. Mwenye thadi pati, ile ya kulipia hasara ya watu wengine tu, hana la kuamua: gari lake halimo kwenye bima hiyo, kwa hivyo atalitengeneza kwa pesa zake au amdai aliyemgonga.

Kitu cha kwanza kutafuta kwenye mkataba ni ekses, yaani kile kiasi unachobeba mwenyewe kabla kampuni haijatoa hata shilingi. Mara nyingi huandikwa kama asilimia ya thamani ya gari, pamoja na kiwango cha chini kabisa. Wengine wamelipia nyongeza ya kuifuta ekses na hata hawakumbuki, kwa hivyo soma pia ukurasa wa nyongeza. Kitu cha pili ni punguzo unalopewa kwa kukaa bila kudai. Si kila kampuni hulitoa, lakini kama unalo, ukidai linashuka au linaondoka kabisa.

Gari langu lilikuwa limekadiriwa shilingi 1,000,000, na ekses ilikuwa asilimia 2.5, yaani 25,000. Bima kwa mwaka ilikuwa 45,000 kabla ya punguzo, nami nilikuwa na punguzo la asilimia 20. Kudai kungenifanya nianze upya: mwaka unaofuata ningepoteza 9,000, na mwaka wa pili, nikiwa nimerudi kwenye asilimia 10, ningepoteza 4,500 nyingine. Kwa hivyo bili ya gereji ikiwa 35,000, kampuni italipa 10,000 na mimi nitapoteza 13,500. Nitakuwa nimezunguka na fomu ili nipate hasara! Kwangu mimi, chini ya 40,000 hivi hakukuwa na haja ya kumsumbua wakala.

Basi tuktuk ikanipitia ubavuni karibu na soko, ikakunja fenda na kuchana bampa. Kijana akashuka mikono kichwani: "Ami, nihurumie, tuktuk si yangu, mimi nampelekea tajiri hesabu." Huruma nilikuwa nayo, lakini nilipiga picha kwanza: namba za usajili, cheti cha bima kwenye kioo, leseni yake, na magari yalivyokaa kabla hayajasogezwa. Kisha nikampigia tajiri mwenyewe. Dereva anayeishi kwa hesabu ya siku anaweza kukuahidi chochote pale barabarani, na ahadi hiyo haifiki Ijumaa. Tajiri alikubali kulipa nusu. Tukaandika karatasi yenye majina, namba za vitambulisho, kiasi, na kwamba hakuna atakayemdai mwenzake tena. Pesa zikaja kwa M-Pesa, na hapo ushahidi ukawa umejiandika wenyewe.

Kabla ya kukubaliana naye, lakini, nilimtaka fundi aivue bampa. Hili nalisisitiza kuliko yote. Bei ya kutazama kwa macho si bei. Nyuma ya plastiki kuna sapoti ya chuma, kuna kondensa ya AC, kuna redieta, na ukiwa na bahati mbaya kuna chesisi iliyopinda. Fundi wangu alikuwa ametaja 18,000 akiwa amesimama na mikono kiunoni. Bampa ilipotoka tukaona sapoti imekunjika na mguu mmoja wa taa umevunjika, na bei ikawa 28,000. Bado ilikuwa upande wa mfukoni, lakini ingeweza kuvuka. Lipa hiyo mia tano ya kufunguliwa, ndipo uamue.

Na ukienda kwa fundi, msimamie kwenye rangi. Huku kwetu kwenye hewa ya chumvi, puti iliyopakwa juu ya kutu hupendeza kwa miezi michache, halafu malengelenge yanaanza. Kutu isuguliwe hadi chuma kitokee, na undakoti ipigwe ukiona.

Ng'ombe ilikuwa kesi nyingine. Usiku, barabara ya Garsen, ng'ombe katikati ya lami: boneti, taa zote mbili, redieta, kioo. (Ng'ombe akiwa hai hana mwenyewe, akifa, wenyewe hutokea haraka.) Hapo sikupiga hesabu mara mbili. Nilipiga picha, nikaripoti polisi, nikampigia wakala asubuhi, na sikuruhusu fundi aguse hata skrubu mpaka asesa, yaani mkadiriaji wa hasara wa kampuni, alipolikagua. Ukitengeneza kwanza ukadai baadaye, umewapa sababu ya kukukatalia. Jiandae kungoja pia: asesa, kibali, vipuri kutoka Mombasa. Kwa mtu anayetafuta riziki na gari, wiki anazokaa bila gari nazo ziingie kwenye hesabu.

Sasa lile la mtu mwingine. Mtu akiumia, hata akisema ni mchubuko tu, iarifu kampuni yako siku hiyohiyo. Kuarifu si kudai; unaweza kuwaambia wazi kwamba gari lako utalitengeneza mwenyewe. Mikataba mingi inakutaka uripoti kila ajali, na mwenye mchubuko anaweza kurudi baadaye na barua ya wakili. Ukiwa ulikaa kimya, kampuni inaweza kukugeukia wewe. Karatasi ya makubaliano ya barabarani haitoshi kwa mwili wa mtu, na usiandike popote kwamba kosa ni lako. Sheria ya Trafiki nayo inakutaka usimame na utoe jina na anwani yako. Kama hukutoa, uripoti polisi ndani ya saa 24.

Ndugu zetu wa Lamu wanaoacha magari Mokowe na kuvuka kwa boti wana taabu yao: unarudi, unakuta mlango umebonyea, na aliyebonyeza hajulikani. Hata hapo chukua abstrakti ya polisi, ile karatasi ya kuonyesha kwamba uliripoti. Huenda usiitumie, lakini huwezi kuirudisha nyuma tarehe yake.

Kampuni ikikuzungusha bila jibu la maandishi, IRA, mamlaka inayosimamia bima, hupokea malalamiko ya wateja. Mimi sikufika huko. Kutaja jina lake tu kwenye barua pepe kulitosha kuipata hundi yangu. Na wakala akija kukuhuishia bima mwaka huu, kabla hujalipa mwambie akuandikie kwa mkono wake: ekses ni shilingi ngapi, punguzo ni asilimia ngapi, na ukidai mara moja litashuka hadi wapi.