Anza na Clair Obscur, kisha Flow

Kwa uliyeuliza gemu na filamu mpya zinazostahili muda wako: upande wa gemu, usiipite Clair Obscur: Expedition 33 (2025) ya studio ya Kifaransa, Sandfall Interactive. Kila mwaka kiumbe mmoja huandika namba kwenye mnara mkubwa, na wenye umri sawa na namba hiyo wanatoweka kama vumbi. Namba inazidi kushuka. Mapigano ni ya zamu, wewe kisha adui, lakini adui akishambulia unabonyeza kitufe papo hapo kulikinga pigo. Ukipatia, unamrudishia, na raha yake haielezeki! Muziki usiuzime kabisa.

Gemu nyingine, Hollow Knight: Silksong, nayo ni nzuri mno, ila ngumu. Kama huna subira iache kwanza.

Filamu, tafuta Flow (2024) kutoka Latvia. Paka anakimbia mafuriko ndani ya mashua na wanyama wengine, na hakuna neno hata moja linalosemwa. Mwangalie yule lemuri (mnyama wa Madagaska anayefanana na kima) anavyong'ang'ania kioo chake huku maji yanapanda. Ilitengenezwa kwa Blender, programu ya bure ya kutengeneza katuni, ikachukua Oscar ya katuni 2025. Kama una watoto waite, manukuu hayahitajiki.