Binti yupo mwaka wa pili, mbona hakumtibu ng'ombe wangu?

Safu ya Daktari wa Mifugo: maswali ya wasomaji

SWALI: Daktari, habari za kazi. Binti yangu anasomea udaktari wa mifugo SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), Morogoro, na sasa anaelekea kumaliza mwaka wa pili. Mwezi uliopita alikuwa nyumbani likizo. Ng'ombe wangu wa maziwa, uzao wa nne, alizaa Jumatatu bila shida. Jumanne usiku akaanza kuyumba, na alfajiri ya Jumatano nikamkuta amelala, shingo ameikunjia ubavuni, hata pumba hataki. Nikamwamsha binti kwa furaha, nikijua leo nitaona matunda ya ada. Akamshika masikio, akampima joto, akaweka ngumi ubavuni na kunyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema: "Mama, mpigie daktari sasa hivi, mwambie ni homa ya maziwa." Daktari akaja, akatundika chupa ya kalsiamu, na haikupita saa moja ng'ombe akasimama. Nikalipa. Kinachoniuma ni kwamba kumbe aliujua ugonjwa! Kwa nini hakutibu? Kijana wa jirani alisoma stashahada miaka miwili tu na anachoma sindano kijiji kizima. Hawa wa chuo kikuu wanafundishwa nini miaka miwili yote?
Mama wa Tukuyu

JIBU: Mama, pole kwa hofu ya alfajiri ile, na hongera kwa ng'ombe kuinuka. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pale pale: masikio, joto, ubavu. Uliza tena swali lako ukiwa umevishika vitu hivyo vitatu mkononi, maana ndivyo binti yako alivyovisomea miaka miwili.

Homa ya maziwa ina jina la kupotosha. Haina homa. Ng'ombe mzima ana joto la nyuzi 38 na nusu hivi, linapanda kidogo na kushuka kidogo kutwa. Mwenye ugonjwa huu hupoa, kipimajoto kikaonyesha chini ya 38, na masikio yake ukiyashika ni baridi kama yametoka kuoshwa kisimani. Mtu asiyelijua joto la ng'ombe mzima akilisikia neno "homa" hukimbilia antibayotiki. Nimeitwa kwenye mazizi ambako ng'ombe ameshachomwa oksitetrasaiklini mara tatu na bado amelala, kwa sababu hakuna aliyemshika masikio.

Na ile ngumi ubavuni? Simama upande wa kushoto wa ng'ombe wako jioni ya leo, akiwa amesimama na anacheua. Nyuma ya ubavu wa mwisho, chini ya mifupa ya kiuno, kuna kibonde. Kandamiza ngumi pale, usiongee, subiri. Baada ya nusu dakika hivi utasikia kitu kinakuja kutoka ndani, taratibu, kama mtu anageuka usingizini chini ya blanketi. Ngumi yako itainuliwa, kisha itashushwa. Hilo ni tumbo la kwanza, rumeni, lile ambalo wachinjaji wanaliita taulo, likigeuza majani. Kwa ng'ombe mzima hufanya hivyo mara moja au mbili kwa dakika. Mwalimu wetu mmoja alitupanga mbele ya ng'ombe wazima asubuhi kwa wiki nzima, kila mmoja na saa yake, tukihesabu. Hakuna sindano, hakuna dawa. Tulinung'unika sana. Leo nikiingia zizini mkono wenyewe unaenda pale kabla sijasalimia. Binti yako alinyamaza muda mrefu kwa sababu alikuwa anangoja lile wimbi, na halikuja. Ukimya ule ndio uliomtisha, ndiyo maana akasema "sasa hivi".

Kalsiamu nayo ni somo la biokemia na fiziolojia, yale masomo ambayo wazazi wengi huniambia ni kupoteza muda. Ng'ombe anapozaa, kiwele huvuta kalsiamu kutoka kwenye damu kwa kasi kubwa kutengeneza dang'a na maziwa. Kuna tezi ndogo shingoni zenye kazi ya kuamuru mifupa na utumbo virudishe kalsiamu damuni. Kwa ng'ombe mwenye maziwa mengi, hasa kuanzia uzao wa tatu, amri hiyo huchelewa. Kalsiamu ikipungua, misuli haipati nguvu ya kujikunja: miguu inayumba, rumeni inasimama, shingo inalegea na kujikunja vile ulivyomkuta. Binti aliiona picha hiyo yote kwa sababu alishaisoma kabla hajawahi kumwona mgonjwa.

Sasa, kwa nini hakutibu. Mama, hapa nakuomba unisikilize vizuri, kwa sababu ningependa umshike mkono umshukuru. Chupa ile uliyoiona ikitundikwa inaponya, na inaweza kuua dakika hiyo hiyo. Moyo nao ni msuli. Kalsiamu ikishuka mshipani kwa haraka, moyo hupoteza mpigo wake na kusimama, na ng'ombe hufa sindano ikiwa bado shingoni. Jaribu kukumbuka: daktari hakuwa ameweka stetoskopu kifuani kwa ng'ombe huku chupa ikishuka? Alikuwa anausikiliza moyo, tayari kubana mpira ukianza kwenda ovyo. Kuupata mshipa wa shingo, kuijua dawa, kuujua moyo unaoelekea kukosea, hayo yanakuja baadaye. Shahada hii ni ya miaka 5. Dawa na elimu ya magonjwa hufuata msingi huu, na kutibu wagonjwa chini ya uangalizi hujaa zaidi miaka ya mwisho. Tena Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inataka mtoa huduma awe anatambuliwa na Baraza la Veterinari, na mwanafunzi bado hajafika huko. Binti yako aliujua ugonjwa, na aliujua mpaka wake. Nimefanya kazi na watu wazima wanaojua la kwanza tu.

Kijana wa jirani usimpime kwa binti wala binti kwa kijana. Wenzetu wa stashahada hufundishwa mapema kazi za mikono, kuogesha, kuchanja, kuhasi, kutibu magonjwa ya kawaida, kwa sababu vijiji vinawangoja. Bila wao mimi nisingeweza kufanya kazi wilaya nzima. Anayesomea shahada anajengwa kutoka chini, kwa sababu ataitwa pale ambapo ugonjwa si ule wa kawaida.

Na chini kwenyewe ni kwenye chumba cha anatomia. Unaingia, formalini, ile dawa ya kuhifadhia mizoga, inakuchoma macho na pua, harufu inaingia kwenye koti, kwenye nywele, hata kwenye wali unaokula mchana. Mezani kuna mzoga wa mbuzi, mbwa au ndama, na mnaufungua tabaka kwa tabaka, wiki baada ya wiki. Daktari wa binadamu anajifunza mwili mmoja. Binti yako anajifunza wa ng'ombe, mbuzi, punda, nguruwe, mbwa, kuku, na hairuhusiwi kuuchanganya mmoja na mwingine. Ng'ombe ana jozi 13 za mbavu, punda ana 18. Punda hana kifuko cha nyongo. Twiga, pamoja na shingo yake yote ile, ana pingili 7 za shingo, sawa na mimi na wewe na panya wa darini. Siku ya mtihani vipande vimepangwa mezani, kila kimoja na kibendera chake. Kengele inalia, unaandika jina, unahamia meza ya pili. Nimeona vijana waliopata daraja la kwanza kidato cha sita wakitoka mle wanalia.

Nitakueleza kwa nini sioni kama ni mateso ya bure. Nyumbani kwetu, nikiwa darasa la tano, tulikuwa na mbuzi jike mweupe. Aliugua, mtu akaja akamchoma sindano kwenye paja la nyuma. Alipona ugonjwa, lakini tangu siku ile mguu ule akauburuza, kwato zimekunjwa, mpaka baba akamuuza kwa bei ya kutupa. Tulisema ni mkosi. Miaka mingi baadaye, kwenye chumba cha anatomia, niliinua msuli wa paja la mbuzi kwa koleo na chini yake nikakuta kamba nyeupe, nene kama utambi wa kibatari, imelala pale pale ilipopita sindano ile. Neva kubwa ya mguu. Nililiweka koleo chini nikasimama. Mbuzi mdogo hana nyama ya kuificha. Ndiyo maana mbuzi namchoma shingoni, na kila kijana anayefanya mazoezi kwangu namfundisha hivyo hivyo.

Elimu hii imeanza hivyo tangu mwanzo wake. Shule ya kwanza duniani ya udaktari wa mifugo ilianzishwa Lyon, Ufaransa, mwaka 1761, wakati ugonjwa wa sotoka ukimaliza ng'ombe wa Ulaya. Dawa ya sotoka haikuwapo. Walianza na kuujua mwili. Chanjo iliyokuja kutegemewa zaidi ilitengenezwa hapa kwetu Afrika Mashariki, Muguga nchini Kenya, na Walter Plowright na wenzake, waliojua namna ya kukuza kirusi ndani ya seli za figo ya ndama. Mwaka 2011 sotoka ikatangazwa kutoweka duniani. Wazee wa Kimasai na Kisukuma waliosimuliwa mizoga ile na babu zao watakwambia hiyo ni habari ya ukubwa gani.

Ng'ombe wako, Mama, kwa kuwa ameshaugua mara moja, yumo hatarini kuugua tena uzao ujao. Akifika miezi miwili kabla ya kuzaa, zungumza na daktari wako kuhusu chakula na madini ya kipindi kile. Na likizo ijayo mwambie binti akufundishe kuhesabu lile wimbi la ubavuni.

SWALI: Mwanangu anasomea mifugo lakini daftari lake limejaa majina ya majani na hesabu za takwimu. Je, hawajamchanganya na wanafunzi wa kilimo?
Baba, Moshi

JIBU: Hawajamchanganya. Mtama mchanga, hasa uliochipua baada ya ukame, unaweza kuwa na sumu ya sayanidi ya kuua ng'ombe kwa dakika chache, na atakayeijua sumu hiyo ni yule anayeyajua majani. Takwimu atazihitaji siku atakapoulizwa kama chanjo imefanya kazi au mifugo imepona yenyewe.

SWALI: Shikamoo daktari. Nimemaliza kidato cha sita, PCB (fizikia, kemia na biolojia), na naomba kwenda kusomea udaktari wa mifugo. Nasikia anatomia ndiyo inayowarudisha watu nyumbani. Nijiandae vipi wakati nasubiri? Tatizo langu jingine, niliwahi kwenda machinjioni nikatapika.
Kijana, Shinyanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Kutapika kusikutishe, wenzangu kadhaa walitapika wiki ya kwanza na leo ni madaktari ninaowaamini. Pua huzoea. Kisichozoeleka kwa urahisi ni kukariri majina ya vitu usivyowahi kuvishika, na hapo una nafasi ambayo vijana wengi wa mjini hawana.

Rudi machinjioni, safari hii uende kwa kazi. Mwombe mkaguzi wa nyama akuruhusu usimame naye wakati anakagua. Ona ini, mapafu, wengu, figo, na uone anachokata na kwa nini. Omba uguse yale matumbo manne ya ng'ombe: taulo, kisha nyavu yenye vyumba kama sega la nyuki, kisha kitabu chenye kurasa, kisha tumbo lenyewe linalofanana kazi na la kwako. Ukifika kwenye nyavu, tazama lilivyokaa karibu na moyo, vimetenganishwa na ukuta mwembamba tu wa msuli. Ng'ombe akimeza msumari au kipande cha waya, mara nyingi huishia mle, na akijikunja siku moja ukapenya mbele, unauchoma moyo. Utakapomkuta ng'ombe amesimama viwiko amevitanua na hataki kuteremka mteremko, utaikumbuka nyavu hiyo.

Nyumbani wakipika supu ya kichwa cha mbuzi, usitupe mifupa. Ichemshe tena, isugue, ianike juani. Utaona taya ya juu haina meno ya mbele hata moja, ni ufizi mgumu tu. Kisha nenda zizini ufungue midomo ya mbuzi hai, wadogo kwa wakubwa, uangalie meno ya chini: ya utotoni ni membamba, ya ukubwani ni mapana, na hubadilika jozi kwa jozi kuanzia katikati. Andika unachokadiria kuwa umri wa kila mmoja, kisha umuulize mwenye mbuzi. Ukishakosea mara ishirini utaanza kupatia.

Usiguse mzoga wa mnyama aliyekufa ghafla akitoka damu puani au nyuma, na usikubali ufunguliwe. Inaweza kuwa kimeta. Toa taarifa kwa ofisi ya mifugo. Na kabla hujapanda basi la Morogoro au kokote utakakopangiwa, nenda hospitali ya wilaya uulize chanjo ya kichaa cha mbwa na ya pepopunda.