Farasi aliyestaafu mbio kukaa Mafinga
Kamwene mkuu, umeuliza kama farasi aliyestaafu mbio kule Ngong, Nairobi anaweza kuishi huku Mafinga, Iringa. Anaweza kabisa, wangu ninae mwaka wa sita sasa, aliumia mshipa wa mguu wa mbele akaachishwa mbio, na siku ile nililia kweli maana alishatupa raha ya kushinda mara mbili. Ila usimkatie nafaka ghafla, punguza kidogo kidogo huku unamzoesha majani, farasi hawezi kutapika kwahiyo tumbo likimsokota ni hatari sana. Baridi ya Julai mvalishe blanketi. Na jua likianza kuzama mfungie bandani, visubi, wale wadudu wadogo wanaoleta tauni ya farasi, ugonjwa unaoua farasi, wanauma usiku. Wangu asubuhi akisikia ndoo tu anakuja mbio, mvuke unamtoka puani, gharama zote nasahau.