Kabla ya kuchora kofia, toboa kwanza

Picha yangu ya kwanza ya kofia ya viua niliichora kwa nukta. Turubai la buluu, rangi nyeupe, nukta mia tano na ushei, zote kwa ncha ya kijiti. Mgeni mmoja akaitazama, akauliza kama naweza kumpatia kitambaa cha meza cha namna hiyo. Nikaificha nyuma ya kabati.

Mama mdogo, ambaye ameshona kofia hapa Unguja tangu sijazaliwa, ndiye aliyenionesha kosa. "Mwanangu, wewe unachora ua. Mimi natoboa tundu, ua linakuja lenyewe." Akanipa kitambaa cheupe cha tabaka mbili, sindano na uzi. Toboa, zungushia uzi ukingoni, kaza, nenda tundu la pili. Jioni nzima nikapata viua saba, vitatu vimepinda. Kumbe ndiyo maana kofia moja hula miezi.

Basi nawe mchoraji unayeitamani darizi hii, shona kwanza, japo ukanda wa vidole vinne. Ukirudi kwenye turubai, usiongeze nukta, ondoa rangi. Paka rangi nzito ya chini, iache ikauke kabisa, ifunike kwa nyeupe, halafu kwaruza matundu kwa mpini wa brashi, hiyo nyeupe ikiwa bado mbichi. Akriliki kwa joto letu haikusubiri, kwa hiyo nenda kiganja kwa kiganja. Wa rangi ya mafuta ana raha zake.

Kwangu mimi kofia tamu kuliko zote ni nyeupe ya uzi mweupe: ua huonekana kwa kivuli tu. Nimejaribu nyeupe nene juu ya nyeupe, na inakubali, ila itundike ukuta ambao dirisha liko ubavuni. Taa ikiipiga usoni, picha imekufa.

Ghada Amer, msanii aliyezaliwa Cairo mwaka 1963, hushona uzi wenyewe kwenye turubai na kuacha ncha zining'inie. Nilimwonesha mama mdogo kwenye simu. "Huyu hajakata nyuzi," akasema, akarudi kwenye kofia yake.

Na duara la juu usilipime kwa rula. Kata karatasi ya duara, ikunje mara tatu upate vipande vinane, chora kimoja tu, vingine vifuatishe. Ukipotea kidogo, ua la mwisho halikutani na la kwanza, na mama mdogo ataliona tangu mlangoni.