Kinachokwangua Bampa Si Mlima, ni Mkunjo

Kijana mmoja kaniandikia juzi. Kanunua Toyota 86, gari la michezo lililokaa chini chini, kalilipia ushuru, kalitoa bandarini, kafika nalo Goba, kwenye vilima vya Dar es Salaam, usiku, likagomea getini kwake. Kila akijaribu kupanda, bampa linakwangua zege kabla tairi hazijagusa mteremko. Akalilaza kwa jirani. Asubuhi fundi wa mtaani akampa dawa ya mafundi wote wa mtaani: weka spesa, vile vipande vya kuongezea kimo kwenye springi, nyanyua gari.

Nilimjibu hapo hapo: usithubutu. Leo naeleza kwa nini, na iwafae wengine, maana najua mnaonisoma humu hamkuota kumiliki Harrier.

Mimi naishi na gari la aina hiyo hiyo, kwenye vilima hivyo hivyo. Bampa langu la mbele ni lile lililokuja nalo kutoka Japan, na hata ukilala chini na tochi hutaona zaidi ya alama za changarawe. Nalisema kwa majivuno, na haki ninayo. Siku nilipolileta nyumbani, shemeji yangu alilizunguka, mikono nyuma, akauliza mbele ya wageni, "Hili mtakuwa mnalibeba?" Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Yeye ana Prado. Sikumjibu, ila kicheko kile ndicho kilichonifanya nianze kupima vitu.

Nilichokikuta ni kwamba mlima haukwangui gari. Mlima mkali utaupanda kutwa nzima bila kugusa kitu, ilimradi umenyooka. Shida ni pale ardhi inapokunjika, na kwenye geti mikunjo ni miwili. Wa chini ni pale barabara inapokutana na mteremko: pua hugonga kabla tairi haijaanza kupanda. Wa juu ni pale mteremko unapoishia kwenye uwanja tambarare: tairi za mbele zimeshafika, za nyuma bado, na tumbo limekaa kwenye ukingo kama nazi juu ya mbuzi.

Mkunjo wa juu una hesabu yake. Pima uwazi kati ya ardhi na tumbo la gari, zidisha kwa 4, kisha gawa kwa umbali kutoka katikati ya tairi ya mbele hadi katikati ya tairi ya nyuma. Toyota 86 ya kiwandani ina uwazi wa sentimita 13 na umbali wa sentimita 257. Jibu ni kama 0.2, yaani mteremko unaopanda sentimita 20 kwa kila mita ndio mwisho wako; hapo tumbo linagusa. Sasa kumbuka magari yetu mengi ni mtumba wa Japan, na huko sheria inaruhusu gari lishushwe hadi uwazi wa sentimita 9. Ukiangukia lililoshushwa kiasi hicho, mwisho wako ni sentimita 14 kwa mita. Ndiyo maana 86 mbili za rangi moja, moja inaingia getini na nyingine inabaki kwenye ukingo. Kupima mteremko unahitaji ubao wa mita moja, pimamaji juu yake, na tepu kwenye ncha iliyo hewani. Mlinzi atadhani unajenga.

Mkunjo wa chini dawa yake ni mshazari. Usiuvamie moja kwa moja. Tairi moja ya mbele ikitangulia, inanyanyua kona ya gari kabla katikati ya bampa haijafika kwenye zege. Na mteremko wenyewe unalegea: ukiukata kwa nyuzi 45, ule wa sentimita 20 kwa mita unakuwa kama wa 14. Kwa hiyo tanua barabarani, subiri bodaboda wapite (lazima watapita upande uleule ulioutaka), gia ya kwanza, polepole kuliko mtu anayetembea. Ukinusa klachi, simama, vuta handibreki, iache ipoe. Ubaya wa mshazari ni kwamba tairi moja huweza kuning'inia hewani, na kama difu yako, ile inayogawa nguvu ya injini kwa tairi za nyuma, ni ya kawaida, tairi hiyo itazunguka bure huku majirani wakitoka kutazama. Rudi, punguza mshazari kidogo, panda tena.

Kushuka ndiko watu wanakoharibu. Breki huinamisha pua. Ukiikanyaga tairi za mbele zinapofika chini, umetupa sentimita ulizozihitaji. Ua mwendo ungali juu, ukifika kwenye mkunjo achia breki, gari litambae lenyewe. Abiria washuke kwanza. Mama mkwe nimeshamshusha getini, kwa heshima zote, na alinielewa kuliko huyo mwanawe wa Prado.

Niungame jambo. Tulipokuwa tunatafuta nyumba ya kupanga tulipata moja Salasala, upepo mzuri, kodi nafuu, na jiko ambalo mama watoto alilipenda tangu mlangoni. Mimi nilibaki nje na ubao wangu. Sentimita 27. Tuliikataa, na jiko lile hutajwa kwangu hadi leo kila wali ukiungua. Sijutii. Anayesema anapenda kitu lakini hayuko tayari kukosa jiko kwa ajili yake, huyo hapendi, anajionyesha tu.

Kama unajenga, mwambie fundi wa zege asiukunje mteremko kwa mpigo mmoja. Aanze na kipande chenye nusu ya ukali, kirefu walau kama umbali wa tairi hadi tairi, ndipo mteremko wenyewe, na juu kipande kingine kama kile. Atalalamika simenti. Mnunulie.

Turudi kwenye spesa. Injini ya 86 imelazwa kwa makusudi ili uzito ukae karibu na ardhi. Humo ndimo utamu wake wote kwenye kona ulimo. Kulinyanyua ni kumlipa fundi akuondolee kile ulichokilipia ushuru. Acheni kuwasikiliza watu ambao hawajawahi kutamani mnachokitamani! Wao gari ni kufika tu, na wafike salama.

Kijana wa Goba, nitumie namba tatu: uwazi chini ya tumbo, mteremko unapanda sentimita ngapi kwa mita, na upana wa kalavati lililofunika mtaro. Na muombe jirani yako ahamishe lile rundo la mchanga upande wa kushoto wa geti. Kwa picha uliyonitumia, hilo ndilo linalokunyima mshazari.